Aliyemuua Stanislas

Élisabethville, 14 Desemba 1952

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Germaine, na Mama, na shemeji Godefroid, na watoto,

Jambo kwenu nyote. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua imeshika kweli huku, njia ya kwenda kazini ni matope matupu, na viatu vyangu vimeanza kuoza miguuni. Rozari ya binti yako Laurentine nimeipata kwa Masista. Nitaituma pamoja na chumvi, Désiré akipanda tena huko na kamyo yake ya mizigo.

Sasa neno lenyewe. Simu ya waya mliyopata ilisema "ajali". Si mimi niliyeiandika. Umeniuliza kwa kinywa cha Désiré ndugu yetu alikufa vipi, na mtu wa tumbo moja hajibiwi kwa neno la waya.

Unajua kwamba Stanislas na mimi tulikuwa watunza farasi kwenye klabu ya Wazungu, nje kidogo ya mji. Kila mtunzaji ana farasi wake. Stanislas alikuwa na Bijou, farasi mwekundu wa Bwana Lemmens, yule mwenye karakana ya mbao. Siku ile Bwana alishindwa mashindano ya kuruka vizuizi. Alimfunga Bijou zizini akampiga kwa fimbo ya ngozi, mgongoni, miguuni, usoni, mpaka mkono ukamchoka. Akatoka analowa jasho, halafu akakumbuka kwamba tandiko lake limebaki ndani.

"Ingia mule, leta selle yangu," akamwambia Stanislas.

"Bwana, tungojee kidogo. Farasi iko na woga mingi. Akitulia nitaileta."

"Weye iko mwoga kama mwanamuke? Ingia!"

Akamsukuma kwa fimbo ileile. Stanislas akaingia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, namwosha farasi wangu. Nilisikia kwato zikipiga mbao, kisha nikasikia pigo lingine ambalo halikuwa la mbao. Alikufa hospitalini, kifua kimepasuka, kabla padri hajafika. Bwana Lemmens aliwaambia polisi kwamba boyi alikuwa mzembe, nao wakaandika hivyo.

Albertine mjane wake, mliyempokea huko, anaendeleaje? Mwambie nguo za mumewe nimezitunza.

Mdogo wako,
Casimir


Mitwaba, 25 Januari 1953

Casimir, mdogo wangu,

Chumvi imefika, rozari imefika. Laurentine hataki kuivua hata akitwanga. Mihogo si mibaya mwaka huu, nguruwe wa porini ndio wanaotusumbua. Godefroid bado anakohoa lakini anafundisha katekismu yake kila siku. Mama anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi.

Barua yako niliisoma kwanza shambani, peke yangu. Kisha nikamsomea Mama. Nilitaka kuliruka lile neno la kusukumwa kwa fimbo, nikaona nikiliruka nitakuwa nimemsaidia huyo Lemmens. Kwa hiyo nililisoma, tena kwa sauti. Tangu siku hiyo chakula hakina ladha kinywani mwangu. Namchukia mtu ambaye sijamwona hata uso. Nataka alie. Nataka aombe msaada na watu wapite.

Kilio cha Stanislas hatujakimaliza, na hatutakimaliza hivi. Unaijua desturi ya nyumba yetu. Kilichoua mtu wetu hakibaki kimesimama. Mti uliomwangukia babu ulikatwa vipande na kuchomwa palepale, na hakuna mwanamke aliyepikia kuni zake. Ndipo watu walipooga na kunyoa. Sasa sisi nywele zetu ziko vilevile, Mama analala chini, Albertine analala chini, wala haruhusiwi kuvuka mto kwenda kwao.

Godefroid anasema tusamehe. Ndiyo kazi yake. Mimi sikuajiriwa na Padri.

Uko karibu na Lemmens kila siku. Utafanya nini? Na yule farasi, bado yuko hai? Nijibu hilo.

Dada yako,
Germaine


Élisabethville, 8 Machi 1953

Yaya Germaine,

Pokea salamu zangu na za watu wote wa Mitwaba walioko huku. Wanawasikitikia. Nimefurahi kusikia habari za mihogo. Mimi nimehama, nakaa sasa na Mumba, mzee wetu wa kazi. Ni mtu wa Kibemba, mtani mkubwa, ananiambia sisi Waluba tunakula panya ndiyo maana hatunenepi. Ananichekesha hata nisipotaka.

Kuna jambo jipya. Farasi wawili walikufa mvua hii, na Wazungu wameshtuka. Amekuja daktari wa wanyama kutoka Ubelgiji, na Madame Brigitte, mke wa injenia mmoja, amempeleka kwenye kila zizi. Madame huyo aliuona mgongo wa Bijou akalia machozi mbele yetu. Wameunda komite ya kuandika sheria za kutunza farasi na jinsi ya kuwashika. Jumamosi tunaitwa na sisi watunzaji, tunaulizwa tunavyofanya kazi. Daktari anaandika. Farasi mwenye kidonda asitandikwe. Aliyekimbia atembezwe polepole mpaka apoe, ndipo anyweshwe. Zizi liwe na nafasi ya kujigeuza. Na fimbo, wamekaa saa nzima wanabishana juu ya fimbo, ngapi, wapi, kwa kosa gani.

Mumba akainua mkono, akauliza: "Na siye maboyi, fimbo ngapi?"

Walicheka, Yaya. Madame peke yake hakucheka, akamwambia daktari aendelee kuandika.

Nilirudi nyumbani na hasira. Lakini nimewaza. Bwana Lemmens anapenda kitu kimoja tu duniani, kuonekana mkubwa mbele ya Wazungu wenzake pale klabuni. Sheria hizi zikipita, atakayempiga farasi ovyo atafukuzwa mbele ya wote na farasi atachukuliwa. Mimi nitahakikisha zinapita, na nitahakikisha anaguswa. Kwa Stanislas hakuna hakimu atakayemwita. Kwa farasi watamwita.

Nipe habari za Albertine. Hukuniandikia hata neno.

Casimir


Mitwaba, 6 Aprili 1953, Jumatatu ya Pasaka

Casimir,

Pasaka njema. Tulijaa kanisani mpaka nje. Laurentine amepokea komunyo ya kwanza, nguo yake nilishona mwenyewe. Mvua zimeanza kupungua. Mama anakusalimu, anauliza kama una blanketi.

Barua yako niliirudia mara kadhaa nikitafuta mahali ulipoandika kwamba Lemmens ameumia. Sikupaona. Umeniandikia juu ya kutembeza farasi na kunywesha farasi. Kufukuzwa klabuni! Atakwenda kunywa pombe yake mahali pengine, basi. Stanislas amefukuzwa wapi? Yuko kaburini, na hata kaburi lenyewe sijaliona.

Wewe tangu utoto ulikuwa wa kuonea vitu huruma. Vifaranga, mbwa wa watu. Tulikucheka, na Stanislas ndiye aliyekuwa akikutetea. Mkumbuke basi.

Niliuliza farasi yuko wapi. Hukujibu. Nauliza mara ya pili.

Germaine

Albertine yupo.


Élisabethville, 31 Mei 1953

Yaya Germaine,

Salamu kwa Mama. Blanketi ninalo, asihangaike. Baridi imeanza, asubuhi majani yote ni meupe na farasi wanatoa moshi puani. Nimefurahi kwa Laurentine.

Sheria zimepita. Zimepigwa chapa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, zimebandikwa mlangoni. Kuna kifungu kimoja nilichokisema mimi, daktari akakiandika kama kilivyo: mtu asiingie kwa farasi kwa nyuma bila kumwita, angoje sikio ligeuke, ndipo aingie na kumshika begani. Na nilitaka jina la Stanislas liwekwe hapo, kwamba alikufa kwa sababu hiyo. Katibu wa klabu akaniambia, "Casimir, izi ni sheria za farasi." Nililimeza neno hilo.

Walibishana pia juu ya farasi anayeumiza mtu. Wengine walisema apigwe risasi mara moja. Madame akakataa. Wakakubaliana hivi: mara ya kwanza farasi achunguzwe, huenda kosa ni la mtu. Mara ya pili, hata iweje, auawe siku ileile, bila maumivu.

Wiki iliyopita Bwana Lemmens alimchapa Bijou tena, mpaka damu. Mimi ndiye niliyemwita daktari aje aone kabla haijakauka. Basi Bwana ameshtakiwa mbele ya komite. Anajitetea kwamba farasi ni mbaya, ameshaua boyi. Hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kumtaja ndugu yetu. Daktari amesema watamchunguza Bijou mbele ya watu. Akitulia kwa wote, kosa ni la Lemmens, atafukuzwa na kunyang'anywa. Akimpiga mtu yeyote, ni mara ya pili, anakufa.

Nina hamu ya siku hiyo, Yaya. Naota uso wa Lemmens akitolewa pale.

Casimir


Mitwaba, 28 Juni 1953

Casimir,

Tu wazima. Godefroid kikohozi kimepungua.

Désiré amekuja na kamyo. Nilimpikia, akala, nikamwuliza juu yako. Unajua aliniambia nini? "Casimir? Ule anapendaka farasi yake sana. Banamupatia Bijou tangu ndugu yake alikufa. Anamulishaka na mukono."

Kwa mkono! Nilimwacha Désiré na sahani yake nikatoka nje. Nilitamani nikushike masikio kama zamani.

Kwa hiyo ndiyo maana hukunijibu. Aliyempasua kifua Stanislas unamsugua, unampikia pumba, unamwita kwa jina. Na mjane wa ndugu yako analala chini, kichwa chake kimejaa vumbi, mwezi wa nane sasa, kwa sababu ya mnyama unayemlisha kwa mkono wako.

Sikiliza neno langu, mimi niliyekubeba mgongoni. Nawataka wote wawili. Mmoja hatoshi. Farasi na mwenye farasi. Mpaka siku hiyo hakuna anayenyoa hapa, na Mama akifa na nywele hizo kichwani, utajua ni nani aliyemnyima.

Germaine


Élisabethville, 26 Julai 1953

Yaya Germaine,

Salamu kwa wote. Nitaandika moja kwa moja.

Ni kweli. Walinipa Bijou mimi kwa sababu wengine walimwogopa. Mwezi wa kwanza nilimchukia. Niliingia kila asubuhi na jiwe mfukoni, nikingoja anipe sababu. Hakunipa. Alisimama kwenye kona anatetemeka, na mgongo wake ulikuwa na alama zilezile alizokuwa nazo Stanislas begani, aliposukumwa. Fimbo moja, Yaya. Siku moja nililitupa lile jiwe. Ndiyo sababu sikukujibu.

Jumamosi iliyopita, alasiri, komite nzima ilikuja. Daktari aliingia kwa Bijou, farasi akatulia. Madame Brigitte akaingia, farasi akatulia, akamnusa nywele. Mumba akaingia, naye anamwogopa Bijou kuliko shetani, lakini akatulia hata kwake. Daktari akafunga kalamu yake, akasema kwa Kifaransa kwamba amekwisha kuona, kosa liko wazi, Bwana Lemmens hana haja ya kuingia. Nilikuwa nimeshinda. Bijou alikuwa amepona. Yule bwana amesimama uso mwekundu, wenzake wanatazama pembeni.

Ndipo akasema ni farasi wake na ataingia. Fimbo iko chini ya kwapa. Bijou alikuwa ametupa mgongo, anakula. Sikio halijageuka. Sheria imebandikwa mlangoni pale, karibu na pua yake, na hajawahi kuisoma.

Daktari akanitazama mimi. "Casimir, iko sawa? Anaweza kuingia?"

Nilijua. Ningesema "ngoja" tu. Niliuona uso wa Stanislas hospitalini, nikaiona barua yako, nikamwona Mama na nywele zake.

Nikasema, "Iko sawa, Docteur."

Bijou alimpiga teke mara mbili tu. Ya kwanza kiunoni, ya pili alipokwisha kuanguka. Alilia, Yaya, alilia sana, kama ulivyotaka, na mimi sikukimbia kumtoa. Madaktari wanasema hatasimama tena maishani. Wote wanasema ni kosa lake, aliingia na fimbo bila kuita. Hakuna aliyenitazama mimi kwa jicho baya.

Halafu wakaifuata sheria. Siku ileile. Kuna kifungu kimoja sikuwahi kukuandikia, nacho nilikisema mimi mwenyewe mwezi wa tano nikidhani nasema jambo jema: farasi anayeuawa ashikwe na mtu aliyemzoea, asije akafa kwa hofu. Kwa hiyo walinipa kamba. Nilimwita, na sikio likageuka, akaja. Aliweka mdomo wake mkononi mwangu akitafuta chakula. Alikuwa bado anatafuta.

Umepata wote wawili. Nyoeni.

Casimir


Mitwaba, 30 Agosti 1953

Casimir, mdogo wangu mpendwa,

Mungu akulinde huko uliko. Barua yako nilimsomea Mama mara tatu. Aliinuka peke yake akaenda mtoni, hatukumshika mkono. Tumeoga, tumenyoa, tumepika, watu wamekula mpaka jioni na ngoma ikapigwa. Mama analala kitandani. Nilicheka siku ile, nakuambia ukweli, nilicheka kwa sauti nilipofikiri juu ya mtu yule na kiuno chake. Chakula kimepata ladha.

Sasa nina neno lingine, na linanipa haya kidogo. Umeniuliza habari za Albertine tangu mwanzo, nami nikakunyima. Albertine alisema tangu Pasaka kwamba kilio kikiisha angependa aje kwako awe mke wako, kwa sababu nyumba yetu imeshakubali na yeye mwenyewe anataka. Aliniomba nikuandikie. Nilikataa. Nilijua ukisikia hivyo utaridhika mapema, utarudi nyumbani na Lemmens atabaki na miguu yake.

Basi imekwisha. Rudi. Acha kazi ile, panda kamyo ya Désiré. Shamba lipo, Albertine anapaka mafuta nywele zinazoanza kuota, anacheka mwenyewe jikoni. Usilie kwa ajili ya mnyama. Umefanya kama mwanamume wa nyumba yetu na mimi nakushukuru kwa magoti.

Dada yako anayekungoja,
Germaine


Élisabethville, 11 Oktoba 1953

Yaya Germaine,

Salamu. Nafurahi kwamba Mama analala kitandani. Joto limeshika, mvua bado. Mumba anakusalimu, anasema mwakani mtuletee panya wa kutosha.

Sirudi. Mwambie Albertine vizuri, kwa sauti ya upole, kwamba asiningoje. Kama ungeniandikia neno lile Pasaka, ningekuja kwa miguu. Sasa siwezi kukaa na mtu mwema nyumba moja.

Unasema imekwisha. Wewe ulikuwa na kilio kimoja, ukakimaliza. Mimi nina viwili, na cha pili, cha Bijou, hakuna atakayekuja kukaa nami matangani, watanicheka. Yule aliyekileta yuko hai. Anakula, ananenepa.

Nimeacha zizi. Bwana Lemmens alitafuta mtu wa kumwinua, kumwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani, kwa sababu mke wake amerudi Ubelgiji. Madame Brigitte ndiye aliyenitaja, alisema nina mikono ya upole kwa viumbe wenye hofu. Nilikubali siku ileile. Nakaa kwake sasa, kwenye kijumba cha nyuma, tuko wawili tu.

Haniamini, Yaya. Ananitazama ninavyoshika kijiko. Nadhani ameanza kukumbuka sauti iliyosema "iko sawa". Lakini atamwambia nani? Na mimi simpigi, sijamtukana, sahani yake safi. Kwa farasi waliandika kila kitu, saa ya maji, saa ya kivuli, namna ya kushika. Kwa mtu kama yeye hawakuandika lolote. Nimetafuta.

Wamemwekea kengele ndogo karibu na mkono, ya kuniita. Inalia sasa hivi ninapokuandikia. Imelia tangu nilipoanza barua hii.

Casimir